Siku moja maishani mwangu: mwanafunzi wangu anapata bunduki yake ya kwanza ya misumari

Saa 12:30 asubuhi

Kabla ya kuwasha kompresa, mashine ya kushindilia hewa inayoendesha bunduki zetu za misumari, huwa naizunguka kwanza. Natazama oili, nahakikisha vali ya kutolea maji chini ya tangi imefungwa, kisha naupapasa mpira wa hewa mwanzo hadi mwisho nikitafuta ufa. Leo mwanafunzi wangu yuko nyuma yangu akifanya hivyo hivyo, kwa sababu leo anapata bunduki yake mwenyewe ya kupigia misumari ya fremu, yaani mifupa ya ukuta wa mbao. Nyundo ameshaimudu. Anajua mbao hupasuka wapi na msumari hupinda lini, na bila ujuzi huo nisingekubali ashike mashine.

"Fundi, nichukue ile yenye nguvu kuliko zote?"

"Nguvu iache kwanza, kijana. Tunaanza na kifyatulio."

Ameshangaa kidogo. Wengi hushangaa. Matangazo ya mashine hizi husifia nguvu, kasi na wepesi, na kifyatulio hutajwa kwa herufi ndogo mwishoni. Mimi naona kuwa hapo ndipo penye uamuzi mzito kuliko wote, na nimekusudia alielewe hilo kabla hatujaufikia mlango wa duka.

Saa 2:00

Dukani ninaomba watutolee bunduki juu ya kaunta bila misumari wala hewa, tuzishike.

Bunduki ya fremu haipigi msumari mpaka mambo mawili yatimie: ncha ya usalama iliyo mdomoni ibonyezwe kwenye mbao, na kifyatulio kivutwe. Tofauti iko kwenye mpangilio. Kifyatulio cha mfuatano kamili hudai ncha ibonyezwe kwanza, ndipo kidole kivute, na msumari wa pili hautoki mpaka uachie vyote viwili na kuanza upya. Kifyatulio cha kugusa hakijali kipi kimetangulia. Ukikishikilia kimevutwa, kila mara mdomo unapogusa kitu msumari unatoka, iwe ni mbao, goti lako, au bega la mwenzako aliyepita nyuma yako.

Hatari nyingine ya hicho cha kugusa ni pigo la pili. Bunduki ikishapiga huruka kidogo kurudi nyuma. Mkono wa mtu anayejifunza huisukuma mbele tena bila yeye kutaka, kidole kikiwa bado kimevuta. Msumari wa pili hutoka kabla hajatambua, na pengine unaangukia juu ya kichwa cha ule wa kwanza na kuruka pembeni. Mazoezi hupunguza jambo hili lakini hayaliondoi, kwa sababu liko kwenye mashine yenyewe.

Mwaka 2011 taasisi mbili za Marekani zinazoshughulikia usalama kazini, OSHA na NIOSH, zilitoa mwongozo kuhusu bunduki hizi. Zinaeleza kuwa hatari ya kuumia kwa kifyatulio cha kugusa ni mara mbili ya ile ya kifyatulio cha mfuatano. Wametaja pia utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa useremala: wawili kati ya kila watano walijeruhiwa na bunduki ya misumari katika miaka minne ya mafunzo yao. Nimemsomea kijana mstari huo pale pale kaunta. Akauliza wangapi waliumia zaidi ya mara moja. Mmoja kati ya watano aliumia mara mbili.

Majina ya vifyatulio hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na rangi si ishara ya kuaminika. Kwa hiyo tunasoma kitabu cha maelekezo, palepale, kabla ya kulipa. Bunduki nyingi huja na kifyatulio kimoja na kingine pembeni ndani ya boksi, au swichi ya kubadilisha. Hiyo si kasoro, mradi ujue ni kipi kimefungwa.

Baada ya hapo mengine yalikwenda haraka. Ya hewa au ya betri? Ya betri haina mpira wa kujikwaa wala kompresa ya kubeba, lakini ni nzito zaidi, na uzito huo unausikia begani ukipiga juu ya kichwa. Ipo pia ya gesi, inayochoma mafuta kidogo kila pigo, na hiyo haifai chumba kisicho na hewa ya kutosha. Kijana atafanya kazi karakanani na kwenye majengo yenye umeme, kompresa ipo, basi ya hewa inamtosha. Ina vipande vichache vya kuharibika, na ukijifunza kuifungua na kuisafisha itadumu. Kompresa yenyewe haihitaji kuwa kubwa: inayotoa futi za ujazo mbili na nusu hivi kwa dakika katika psi 90 (psi ni kipimo cha presha ya hewa) inamhudumia vizuri fundi mmoja anayepiga msumari mmoja mmoja.

Kisha pembe ya magazini, yaani mshazari wa kasha linalobeba misumari, unaopimwa kwa nyuzi (digrii). Hapa watu hununua misumari isiyoingia kwenye bunduki yao, wakalaumu bunduki. Misumari ya nyuzi 21 hushikanishwa kwa plastiki na huwa na vichwa vya duara kamili. Ya nyuzi 30 hadi 34 hushikanishwa kwa karatasi, na mara nyingi kichwa kimekatwa upande mmoja au kimesogezwa ili misumari ikae karibu karibu. Ya nyuzi 28 hufungwa kwa waya. Ya nyuzi 15 huja kama roli, na roli moja hubeba misumari mingi sana, ila bunduki yake ni nzito ikijaa. Hazibadilishani. Kanuni za ujenzi za baadhi ya maeneo hazikubali kichwa kilichokatwa kwenye viungo vinavyobeba mzigo, kwa hiyo uliza mkaguzi kabla ya kuchagua. Sisi tumechukua ya nyuzi 21. Vipande vya plastiki huruka kila unapopiga, lakini kichwa cha duara hakina mjadala.

Kitu cha mwisho alichoshika ni kidude cha kurekebisha kina cha msumari, kilicho pale mdomoni. Kinazungushwa kwa vidole, bila spana. Vizuri.

Saa 4:00

Tumerudi. Miwani ya usalama yenye kinga za pembeni, viziba masikio, viatu vigumu. Kuhusu masikio sitaki mjadala: sauti ya pigo ni fupi sana na ndiyo maana watu huidharau, lakini mwongozo ule ule unataja vilele vya hadi desibeli 136. Usikivu ukipotea haurudi.

Matone machache ya oili ya vifaa vya hewa kwenye tundu la kuingizia hewa, kwa sababu kitabu cha bunduki hii kinasema inahitaji oili. Zipo zisizohitaji, na hizo ukiziwekea unaziharibu. Kiungo cha dume kiko kwenye bunduki, cha jike kwenye mpira. Hivyo ukichomoa mpira, hewa yote iliyobaki ndani ya bunduki inatoka. Ukigeuza, unaweza kuwa na bunduki iliyochomolewa ambayo bado ina pigo moja tumboni. Na ndani yake ni hewa iliyoshindiliwa tu. Kuna watu huunganisha mtungi wa oksijeni wakiishiwa hewa. Bunduki inaweza kulipuka.

Nimemwambia aanze na psi 80 na ashuke au apande kulingana na mbao. Bunduki nyingi za fremu hufanya kazi kati ya psi 70 na 120. Kikomo chake kimeandikwa kwenye mwili wa mashine na hakivukwi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kifyatulio, si la msumari. Mdomo ukiangalia kipande cha mbao kilicholala chini, avute kifyatulio kwanza, kisha abonyeze ncha. Bunduki ikanyamaza, kama inavyotakiwa. Ingepiga, tungeirudisha dukani leo hii. Baada ya hapo akapiga ubao mzima wa mabaki: wima, kimshazari, karibu na ukingo, juu ya fundo la mbao. Kwenye fundo msumari ulipinda ukatokezea ubavuni. Nikamwachia autazame mwenyewe na apime kwa futi ulipotokea.

"Mkono wangu ungekuwa hapa," akasema.

Ndiyo. Ndiyo maana sheria ya sentimita 30. Mkono usioshika bunduki ukae umbali huo kutoka pale msumari unapoingia, pande zote, kwa sababu msumari ukishaingia ndani hujitafutia njia. Pasipo nafasi ya sentimita 30, tunatumia kibano. Zaidi ya nusu ya majeraha ya bunduki hizi ni ya mikono na vidole.

Saa 5:30

Fremu ya kwanza. Tumelaza mwamba wa chini na mwamba wa juu (mbao ndefu za chini na juu ya ukuta) sakafuni, nguzo kati yake kila sentimita 40. Misumari miwili kila mwisho wa nguzo. Kwa mfuatano kamili anasikika akipumua kati ya msumari na msumari: bonyeza, vuta, achia, nyanyua. Ni polepole kuliko nilivyozoea kusikia kwa mafundi wengine, na nimeridhika. Muda mwingi wa kujenga fremu huishia kwenye kupima, kukata na kupanga. Msumari wenyewe ni sehemu ndogo ya saa.

Nilimsimamisha mara moja tu. Alikuwa anahama kutoka nguzo hadi nguzo kidole kikiwa juu ya kifyatulio. Kidole kinalala ubavuni mwa mpini mpaka mdomo uwe umekaa kwenye mbao. Hajarudia.

Misumari ya kimshazari ilimsumbua zaidi. Mdomo huteleza mbao ikiwa imeinama. Bunduki yake ina meno madogo mdomoni: unayachomeka kwenye mbao kwanza, unahisi yameshika, ndipo unavuta. Na mwili usikae kwenye mstari wa msumari, wala mwenzako upande wa pili wa mbao.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko. Mpira umechomolewa. Bunduki haiachwi na hewa hata kama tunakaa hatua chache tu kutoka ilipo.

Tumezungumza kuhusu msumari ukishaingia mwilini. Nimemweleza mapema ili asifikirie mambo hayo kwa mara ya kwanza siku ya tukio: usiuchomoe mwenyewe. Misumari hii ina gundi, vipande vya plastiki au waya, na mingine ina miiba ubavuni, na kuivuta huongeza jeraha. Funga usitikisike, nenda hospitali, hata kama tundu ni dogo na damu hakuna. Jeraha dogo la kidole linaweza kuwa limegusa kiungo au mfupa.

Saa 8:00

Plaiwudi juu ya fremu. Hapa ndipo kila mtu hukitamani kile kifyatulio cha kugusa, maana misumari ni mingi na uso ni bapa. Kijana aliuliza kwa heshima kama tunaweza kukibadilisha kwa saa hii moja tu. Nimekataa. Najua mafundi wazuri wanaokitumia kwenye plaiwudi iliyolala chini, na sibishani nao. Kwa mtu mwenye bunduki ya kwanza, kubadilisha badilisha kunamaanisha mkono haujui leo umeshika ipi.

Kina kilitushughulisha zaidi. Kichwa cha msumari kinatakiwa kikae sawa na uso wa plaiwudi. Kikizama kikapasua tabaka la juu, ubao umebaki umeshikwa na matabaka ya chini tu, na ukuta umepoteza sehemu ya nguvu zake za kuhimili upepo na mtikisiko. Tulishusha presha, tukageuza kidude cha kina, tukajaribu kwenye kipande cha mabaki, tukageuza tena. Kisha sentimita 15 kwa 15 kingoni na 30 kwa 30 katikati, kama mchoro wa kazi hii unavyosema.

Mwamba wa chini ni mbao iliyotiwa dawa yenye shaba, inayokula chuma cha kawaida. Huko tumetumia misumari iliyochovywa kwenye zinki ya moto. Na vibati vya kuunganishia mbao hatukuvigusa kwa bunduki hii: vinahitaji bunduki yenye ncha inayoingia kwenye tundu la kibati. Ya kawaida hukisia tu, na msumari ukigonga chuma hurudi.

Saa 9:30 alasiri

Msumari umekwama. Nimesimama mbali nimtazame. Amechomoa mpira kwanza, akalegeza springi ya magazini, akafungua mdomo, akautoa msumari kwa koleo, kisha akabonyeza ncha ya usalama mara kadhaa kuona kama inarudi vizuri. Ncha inayosita hurekebishwa au bunduki haitumiki. Kuifunga kwa waya ili isisumbue ni kuitengenezea ajali mtu mwingine. Alipomaliza ndipo akaurudisha mpira. Sikusema neno.

Saa 11:00 jioni

Presha imetolewa, vali ya chini ya tangi imefunguliwa na maji yenye kutu yanatiririka. Yakiachwa, tangi huoza kwa ndani. Misumari iliyobaki imetoka kwenye magazini, bunduki imefutwa vumbi na kuingia kwenye boksi lake pamoja na kitabu. Kile kifyatulio cha kugusa kilichokuja nayo nimekifungia kwenye droo yangu. Atakipata akitaka, baada ya kunieleza kazi gani anakitakia na nani atakuwa amesimama karibu.

Kesho ni kenchi, juu. Ameuliza kama atapiga akiwa kwenye ngazi. Hapana: juu ya ngazi mkono mmoja unashika ngazi, na bunduki inataka mwili uliosimama imara. Jukwaa linajengwa saa moja asubuhi, na kompresa haiwashwi mpaka nimelipanda na kulikagua.