Kungoja Maji Lindisfarne

Shangazi yangu aliolewa Uzi, kile kisiwa cha kusini mwa Unguja ambacho barabara yake ya mawe ilikuwa ikipita katikati ya mikoko na kumezwa na bahari kila maji yalipojaa. Zaidi ya miaka thelathini ameishi huko akifuata saa ya bahari. Uchungu wa mtoto wake wa tatu ulimshika maji yakiwa juu, akakaa ukingoni na mkunga, wakiyatazama yakishuka kidogo kidogo mpaka mawe ya njia yakaonekana. Hadithi hiyo nimekua nayo.

Alipokuja kunitembelea Newcastle mwishoni mwa Septemba 2019, sikuhangaika kufikiri nimpeleke wapi. Nilikuwa mwanafunzi, mfuko mwepesi, na majumba mengi ya kifahari ya Uingereza yana tiketi mlangoni. Nikamwambia, "Shangazi, hawa nao wana Uzi yao."

"Ina mikoko?"

"Haina. Ina matope, nyasi na ndege."

"Basi nipeleke nikaione."

Kisiwa chenyewe ni Lindisfarne. Wengi hukiita Holy Island, yaani Kisiwa Kitakatifu. Kiko pwani ya Northumberland, karibu na mpaka wa Uskoti, na wakazi wake hawafiki 200. Barabara ya lami ilijengwa 1954. Kabla ya hapo watu walivuka mchangani kwa miguu au kwa mikokoteni ya farasi. Mara mbili kila siku bahari huifunika barabara hiyo. Halmashauri ya Northumberland hutoa jedwali la saa salama za kuvuka, na bado kila mwaka kuna madereva wanaodhani maji yatawasubiri, gari zao zikanaswa katikati.

Nilipotaka kumwonyesha Shangazi jedwali kwenye simu, aliuliza kwanza mwezi. Nikamwambia umeandama juzi tu. "Basi ni bamvua," akasema, yaani yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. "Kwetu maji ya bamvua hukauka saa nne asubuhi, na alasiri yanakuja kwa kishindo." Nikatazama jedwali. Tofauti haikuwa kubwa: kupwa asubuhi hiyo hiyo, kujaa alasiri hiyo hiyo, barabara kufungwa tangu mchana mpaka karibu na magharibi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba bahari hizi mbili zinaweza kwenda sambamba namna ile.

Wageni wengi huingia, huzunguka haraka haraka na kutoka kabla njia haijafungwa. Shangazi alikataa. "Tuingie maji yakiwa nje, yatufungie, tutoke yakipenda." Hivyo ndivyo tulivyofanya, na ningemshauri kila anayekwenda afanye hivyo, alimradi abebe chakula na nguo nzito. Tulibeba chapati, maharage ya nazi kwenye chombo, na chupa ya chai ya tangawizi. Fedha iliyotutoka siku ile ilikuwa ya petroli na ya kuegesha gari.

Tulivuka saa mbili na nusu asubuhi, vioo vikiwa chini. Kulia kwetu miti mirefu ilisimama mchangani kwa mstari, ikielekea kisiwani: hiyo ndiyo njia ya kale ya mahujaji, ambayo hadi leo watu huipita kwa miguu maji yakiwa nje. Pembeni mwa daraja dogo kuna kibanda cheupe juu ya nguzo, chenye ngazi, cha kukimbilia aliyezidiwa na maji. Shangazi aliniambia nisimamishe gari. Alikitazama kibanda muda mrefu. "Hiki kingefaa Uzi," akasema.

Kwa kuwa bahari ilikuwa nje, tulianza na mahali ambapo baadaye tusingeweza kufika. Nyuma ya kanisa la kijiji, hatua chache kutoka ufukweni, kuna kijisiwa cha mawe na majani chenye msalaba wa mbao. Ni kisiwa cha Cuthbert, askofu wa karne ya 7, ambaye alikuja hapo kukaa peke yake alipochoka na watu, kabla hajahamia mbali zaidi, visiwa vya Farne, alikofia mwaka 687. Hakuna lango, hakuna mlinzi. Unashuka, unakanyaga mwani unaoteleza, unapanda. Shangazi alivua viatu nami nikampigia kelele kwa ajili ya baridi, hakunisikiliza. Alikwenda kama anavyokwenda mwambani kwao, macho chini, akipindua jiwe hili na kulirudisha lilivyokuwa. Alipata kaa wadogo, konokono, na kokoto moja ya duara yenye tundu katikati kama ushanga.

Nilikuwa nimesoma habari za vikokoto hivyo. Ni visukuku, vipande vya mashina ya wanyama wa baharini waliofanana na maua, walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Watu wa zamani waliviokota, wakavitunga na kusali navyo kama tasbihi, wakaviita shanga za Cuthbert. Shangazi alikiweka kiganjani, akakiinua kwenye mwanga, kisha akakirudisha mchangani. "Atakiona mwingine."

Tukiwa pale juu tulisikia sauti kutoka mafungu ya mchanga ng'ambo. Ilikuwa ndefu, ya huzuni, ikipanda na kushuka. Nilijua ni sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya ya kijivu, ambao maji yakipwa hujilaza mchangani kwa mamia. Yeye hakujua. Alisimama akanishika mkono. "Nani amefiwa?" Nilipomweleza alicheka, lakini mkono hakuuachia mpaka tuliposhuka.

Kanisa la Mtakatifu Maria liko wazi na halina kiingilio. Inaaminika limesimama karibu na mahali ambapo Aidan, mtawa kutoka kisiwa cha Iona, Uskoti, alijenga kanisa lake la kwanza la mbao mwaka 635. Aidan alikuja kwa mwaliko wa Mfalme Oswald, lakini alijua Kiayalandi na wenyeji walisema Kiingereza cha kale. Kwa hiyo alipohubiri, mfalme mwenyewe alisimama mbele ya wakuu wake akawa mkalimani. Habari hiyo aliiandika Bede, mtawa na mwanahistoria, karne moja baadaye. Mimi nasomea lugha, na katika yote ya kisiwa kile hilo ndilo linalonigusa zaidi.

Ndani ya kanisa kuna sanamu kubwa ya mbao iliyochongwa na Fenwick Lawson: watawa sita wamebeba jeneza mabegani. Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, walishambulia monasteri ya kisiwa mwaka 793, na vitisho vilipozidi, mwaka 875 watawa waliondoka na mwili wa Cuthbert, wakazunguka nao miaka mingi. Mwishowe ulifika mji wa Durham, na huko ndiko uliko. Shangazi ni Mwislamu, na mlangoni alisita kidogo. Nikamwambia akipenda tutazame na kutoka. Aliingia, akavuta mtandio vizuri, akaizunguka sanamu polepole, akitazama namna shingo zilivyoinama na miguu ilivyochoka.

"Hawapokezani?" aliniuliza kwa sauti ya chini. Kwetu jeneza halikai kwenye bega moja. Kila hatua chache mtu anaingia, mwingine anatoka, nalo linakwenda juu ya mikono ya mji mzima.

"Walikuwa wachache, Shangazi."

"Maskini," akasema. "Safari yote hiyo."

Kitabu maarufu cha Injili kilichoandikwa kisiwani humo karibu mwaka 700, chenye michoro ya rangi ya kustaajabisha, hakipo tena. Kinatunzwa Maktaba ya Uingereza, London. Katika karne ya 10 padri aitwaye Aldred aliandika maneno ya Kiingereza juu ya kila neno la Kilatini, katikati ya mistari, kwa herufi ndogo. Hiyo ndiyo tafsiri ya Injili kwa Kiingereza ya zamani kuliko zote zilizobaki. Nilimsimulia Shangazi, naye akanikumbusha kasida za Kiarabu ambazo masheikh wa pwani yetu walizipangia Kiswahili mstari kwa mstari.

Magofu ya monasteri ya karne ya 12 yana tiketi. Ila ukipanda The Heugh, ule mgongo wa mwamba mweusi ulio nyuma yake, unayaona yote kwa chini, pamoja na lile tao jembamba lililobaki hewani baada ya mnara wake kuanguka. Juu ya mwamba huo kuna mnara wa zamani wa walinzi wa pwani, ambao sasa uko wazi kwa kila mtu. Tulikaa pale tukala chapati zetu. Kusini ngome ya Bamburgh ilionekana, na mbele yake visiwa vya Farne. Ng'ambo ya mlango wa bandari zimesimama nguzo mbili ndefu za mawe. Nikaanza kueleza ni za nini, Shangazi akanikatiza: "Nahodha anazipanga, moja nyuma ya nyingine, zikiwa kitu kimoja ndipo anaingia." Hakuwa amesoma popote. Baba yake alikuwa mvuvi, akipanga mnazi na mnara wa msikiti.

Tulikuwa pale juu maji yalipoanza kurudi. Hayakuja kwa mawimbi. Yalijipenyeza kwenye vijifereji, yakang'aa hapa, yakang'aa pale, halafu mchanga ukawa haupo. Kijisiwa cha Cuthbert kikajitenga. Ndege walisogea mbele ya maji makundi kwa makundi, wakiwamo bata bukini wadogo weusi wenye matumbo meupe ambao huja kutoka Svalbard, kaskazini ya mbali, kula majani ya bahari yanayoota katika matope haya. Magari ya mwisho yaliondoka kijijini. Kukawa kimya, ile kimya ya Uzi njia ikishafungwa, Shangazi alisema, wakati kila mtu anajua nani yumo na nani hayumo.

Mchana tulitembea kuelekea kasri, kama maili moja hivi. Lilijengwa karne ya 16 kwa mawe yaliyobomolewa kutoka monasteri, na mwanzoni mwa karne ya 20 msanifu Edwin Lutyens akaligeuza makazi. Hatukuingia. Njiani, bandarini, kuna mashua kuukuu za uvuvi zilizopinduliwa, mkuku ukitazama juu, zikapakwa lami na kuwekwa milango. Wavuvi wanahifadhi humo nyavu na mitego ya kamba na kaa. Shangazi aligonga ubavu wa mojawapo kwa vidole. Alinisimulia mashua ya babu yangu, iliyoachwa mchangani baada ya mzee kufariki, jinsi watu walivyong'oa misumari yake mmoja mmoja mpaka zikabaki mbavu. Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo.

Chini ya kasri, upande wa bahari, ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kote. Kuna matanuri ya chokaa, makubwa kama ngome nyingine, yenye matao marefu unayoingia ukiwa umesimama wima. Yalijengwa katika miaka ya 1860 na kampuni ya Dundee, mji wa bandari wa Uskoti. Mawe yalichimbwa kaskazini mwa kisiwa, yakaletwa kwa mabehewa yaliyovutwa na farasi kwenye reli. Makaa yalikuja kwa meli kutoka Dundee, na meli zikarudi na chokaa. Juu kulikuwa na mashimo ya kumwagia mawe na makaa kwa tabaka, na chini ya matao ndipo chokaa ilipotolewa. Biashara haikudumu hata mwisho wa karne. Ndani ni baridi, maji yanadondoka, na sauti ya mtu inarudi kutoka juu.

Shangazi alipitisha kiganja ukutani. Alipokuwa msichana alisaidia kubeba matumbawe kwenda kwenye tanuri la chokaa: magogo yanapangwa duara, mawe yanarundikwa juu, moto unawaka usiku kucha, na watu wanakesha wakiimba. Asubuhi mlima wote umekuwa mweupe. "Macho yalikuwa yakituwasha siku mbili," alisema. Akauliza waliofanya kazi hapa walilipwaje, walilala wapi, wake zao walikuwa wapi. Sikuwa na jibu. Akasimama katikati ya tao akatazama juu, kwenye tundu la mwanga, midomo ikicheza.

Kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni tulikuwa kwenye foleni ya magari mwisho wa barabara, upande wa kisiwa. Lami ilikwishaanza kuonekana, imefunikwa mwani. Kijana mmoja aliyekuwa mbele yetu aliwasha gari. Shangazi alishuka, akaenda ukingoni, akatazama nyasi zilizolazwa na maji, zilivyoelekea. Alirudi akaniambia, "Bado yanavuta. Ngoja." Yule kijana naye hakwenda, alizima gari. Tulingoja mpaka saa ya jedwali ilipofika, na hata hapo Shangazi alitaka dakika tano zaidi.

Katika dakika hizo alimpigia simu binti yake. Uzi ilikuwa saa mbili na nusu usiku. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia nyenje na sufuria.

"Njia imefunguka huko?"

"Inaanza kuonekana, mama."

"Na hapa pia," akasema, akafungua kioo ili asikie maji yakitoka.