Kata ya Reli katika Mji Usio na Treni

Shule ya msingi niliyosoma haikuwa na kengele. Palikuwa na kipande cha reli chenye urefu wa mkono wa mtu mzima, kilichotundikwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, na mwanafunzi wa zamu alikigonga kwa nondo kila asubuhi mpaka sauti ikafika mashambani. Hakuna mwalimu aliyetueleza chuma kile kilitoka wapi, nasi hatukuuliza. Nilipokuja kuwa mpima ardhi na kuanza kukunjua ramani za zamani za mji wa Mtwara, ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka saba tuliitwa darasani na mabaki ya reli iliyokufa kabla wazazi wetu hawajaoana.

Reli hiyo ililetwa na karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa kuwa Nachingwea iko mbali na pwani, ilibidi ijengwe bandari ya kina kirefu hapa Mtwara pamoja na njia ya treni ya kuiunganisha na mashamba. Karanga hazikustawi. Mpango ukaachwa Januari 1951, bandari ikaendelea kujengwa, na reli, ambayo baadaye ilipewa tawi la kwenda Masasi, ikajikongoja kwa mizigo michache hadi ilipofungwa mapema miaka ya 1960 na vyuma vyake kung'olewa. Tulichobaki nacho ni mji uliochorwa kwa ajili ya watu wengi kuliko waliokuja: barabara pana, viwanja vikubwa Shangani, nafasi tupu kati ya mtaa na mtaa ambazo mgeni huzishangaa, na kata nzima inayoitwa Reli ambayo mtoto anaweza kuzaliwa na kukulia humo bila kusikia honi ya treni.

Ninaandika haya kwa sababu mazungumzo ya reli yamerudi. Serikali ina mpango wa reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, ziwa Nyasa, takriban kilomita 1,000 pamoja na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, na kila ninapoketi kwenye kahawa jioni nasikia watu wakihesabu tani: makaa ya mawe, chuma, korosho, saruji. Ni hesabu za lazima, maana malori ya makaa yanayotoka Ruvuma kuja bandarini yanaichakaza barabara ya Masasi mbele ya macho yetu. Lakini kuna hesabu moja ambayo siisikii kwenye kahawa wala kwenye vikao, nayo ni ya ardhi. Njia ya mizigo ikifika mjini, haitakuwa kazi ngumu kuiongezea vituo viwili vitatu vya abiria ndani ya manispaa, na siku vituo hivyo vitakapotajwa kwa majina, ardhi inayovizunguka itapanda bei kabla ya mtu yeyote kumwaga kokoto. Nani ataichukua nyongeza hiyo?

Waliojenga reli za mijini wamelijibu swali hilo kwa namna tofauti, na mfano ninaoupenda kuusoma ni wa London, kwa sababu makosa yake ni wazi kama mafanikio yake. Kusini mwa mto Thames, sehemu ya Battersea, kulikuwa na mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe wenye mabomba manne ya moshi. Ulizimwa mwaka 1983, na kwa miaka mingi wawekezaji walikuja na michoro na kuondoka nayo, sababu mojawapo ikiwa kwamba treni ya chini ya ardhi haikufika pale. Mwaka 2012 eneo likanunuliwa na kundi la wawekezaji kutoka Malaysia, na safari hii maendeleo ya ardhi na reli yakafungwa kamba moja. Mamlaka ya jiji ilikopa hadi pauni bilioni 1 ili kurefusha njia ya Northern kutoka Kennington hadi Battersea, yapata kilomita 3 zenye vituo viwili, kwa makubaliano kwamba mkopo ungelipwa kwa michango ya wajenzi wa eneo hilo na kwa ongezeko la kodi ya majengo ya biashara ndani ya mipaka iliyochorwa, kwa miaka 25 kuanzia 2016. Kwa maneno mengine, ofisi na maduka ambayo yasingekuwapo bila treni ndiyo yanayoilipa treni. Mitambo miwili ya kuchimba mahandaki, iliyopewa majina ya Helen na Amy (wenzetu wale wana desturi ya kuipa mitambo hiyo majina ya wanawake), ilianza kazi mwaka 2017, na udongo uliotolewa ulipakiwa kwenye matishari na kuteremshwa mtoni hadi Essex kuwa ardhi ya kilimo, jambo ambalo mtu wa bandarini kama sisi analielewa haraka kuliko mengine yote. Vituo vilifunguliwa tarehe 20 Septemba 2021.

Mpaka hapo hadithi inapendeza. Lakini mwaka huohuo wa 2017, wakati mitambo imo ardhini, wawekezaji wa mtambo wa umeme walieleza kwamba gharama zimepanda, na halmashauri ikaridhia idadi ya nyumba za bei nafuu ipunguzwe kutoka 636 hadi 386. Reli haikupunguzwa hata mita moja. Kilichopunguzwa ni sehemu ya watu wa kipato cha chini. Mimi katika hilo naona somo la kiufundi zaidi kuliko la huruma: kila kilichoandikwa kwenye mkataba kwa lugha ya "tutajitahidi" ndicho hukatwa kwanza fedha zinapobana, na kila kilichofungwa kwenye hati ya ardhi yenyewe hubaki.

Hong Kong walikwenda mbali zaidi. Kule, shirika la reli la MTR, ambalo njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1979, hupewa na serikali haki ya kuendeleza ardhi iliyo juu na kando ya vituo vyake, na malipo ya haki hiyo hukadiriwa kana kwamba reli haipo. Shirika hutafuta kampuni za ujenzi, kampuni hizo hubeba gharama za kujenga maghorofa na maduka, kisha faida hugawanywa, na kwa kuwa mwenye hisa nyingi katika shirika ni serikali, sehemu kubwa ya thamani iliyoletwa na treni hurudi kwenye treni na kwenye hazina. Sisemi Mtwara tujenge maghorofa hamsini juu ya stesheni, maana hatuna watu wa kuyajaza na upepo wa kusi ungetucheka. Ninachokitazama ni tofauti kati ya bei mbili, ya kabla ya reli na ya baada yake, na mkono wa nani umewekwa katikati.

Hapa kwetu mkono huo tumeshauona ukifanya kazi, bila reli yoyote. Mwaka 2012, gesi asilia ya Mtwara ilipokuwa habari ya kila siku, mjomba wangu alikuwa na shamba la mikorosho la ekari nne nje ya mji. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya ardhi ya ukoo, hivyo alipokuja dalali na fedha taslimu kwenye mfuko wa rambo, hakuna aliyempinga. Aliuza ekari tatu, akanunua pikipiki na mabati ya nyumba, na akaona amepata. Baada ya miezi michache shamba likakatwa viwanja, na kiwanja kimoja kikauzwa kwa bei iliyozidi alicholipwa yeye kwa zile ekari zote. Walionunua wengi wao hawakuwahi kufika. Walinunua kwa simu wakiwa mbali, wakisubiri bei ipande tena. Bomba likapeleka gesi Dar es Salaam, shauku ikapoa, na leo ukienda pale unakuta majani yaliyopita kimo cha mtu, na ukiyafyeka unakutana na bikoni, alama za zege za mipaka ya viwanja, zenye namba zilizoanza kufutika. Mikorosho ilikatwa. Mji haukupata shule wala barabara, kwa sababu aliyezikata ekari zile hakuacha hata njia ya gari la taka. Nilimuuliza mjomba mwaka jana kama anajuta, akanijibu: "Mpwa wangu, mimi niliuza mikorosho. Wao waliuza maneno."

Sheria zetu hazikosi. Ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, na mtu anayetwaliwa ardhi kwa mradi wa umma anastahili fidia kamili, ya haki na ya haraka, ambamo mthamini huhesabu thamani ya ardhi, nyumba, mazao hadi mche wa mwisho wa mkorosho, posho ya usumbufu, usafiri na makazi, pamoja na faida aliyopoteza kama alikuwa na biashara. Ila thamani hiyo ni ya soko la siku ya uthamini. Aliyekuwa na kibanda mita mia kutoka stesheni ijayo analipwa bei ya kibanda cha jana, na jirani yake wa mtaa wa pili, ambaye nyumba yake haikuchorwa alama ya X ya kubomolewa, anaamka na kiwanja kilichopanda bei mara kadhaa bila kutoa jasho. Sina chuki na jirani huyo. Nasema tu kwamba wote wawili wameguswa na reli moja na wamegawiwa mizani mbili.

Lipo jambo ambalo lingewezekana, na halihitaji sheria mpya. Manispaa ingetangulia kuandaa mchoro wa mipango miji wa eneo linalozunguka kila kituo, tuseme mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kabla mhandisi hajatangaza njia. Mchoro unaoonyesha soko, stendi ya bajaji na daladala, njia za waenda kwa miguu, mifereji (Mtwara ikinyesha, inanyesha), na vitalu vya nyumba za ghorofa mbili tatu za kupangisha. Fedha za kuanzia zinaweza kutafutwa katika mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, ambao hukopesha halmashauri na kurejeshwa viwanja vinapouzwa. Wenye ardhi wangepewa nafasi ya kuchagua: fidia yote kwa fedha, au sehemu kwa fedha na sehemu kwa kiwanja kilichopimwa ndani ya eneo lilelile. Magomeni Kota, Dar es Salaam, kando ya barabara ya mabasi ya mwendokasi, kaya 644 zilizobomolewa makazi yao ndizo zilizopewa kipaumbele maghorofa yalipozinduliwa Machi 2022. Zilisubiri karibu miaka kumi, muda ambao ni mrefu mno kwa mpangaji yeyote, lakini haki ya kurudi ilikuwa na idadi na orodha ya majina, si ahadi ya jukwaani.

Ugumu uko kwenye usiri wa hatua ya kwanza. Mchoro wa njia ukivuja kutoka kwenye kompyuta ya ofisi yoyote, madalali watafika mashambani kabla ya mwenyekiti wa mtaa. Nimefanya kazi hii vya kutosha kujua kwamba huvuja. Kwa hiyo ningependa usitishaji wa mauzo utangazwe siku ileile ambayo upimaji unaanza, na tarehe ya uthamini iwe ya siku hiyo, hata kama reli itachelewa miaka mitano, kwa sharti kwamba anayecheleweshewa malipo alipwe na riba kama sheria inavyotaka.

Wiki iliyopita nilitembea juu ya kipande cha tuta la ile reli ya zamani nje ya mji. Tuta lenyewe ni pana kuliko njia ya baiskeli, limenyooka kwa namna ambayo njia za miguu hazinyooki, na juu yake kuna mihogo. Mwenye mihogo alikuwa amekaa kivulini akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unapima?"

Nilimwambia napita tu. Akanionyesha kalavati la zege chini ya tuta, akasema akiwa mtoto treni ilisimama karibu na hapo na mama yake aliuza machungwa kwa abiria waliokuwa wakinyoosha mikono madirishani. Kisha akauliza kama wakirudi atalipwa mihogo yake. Nilimjibu kwa ukweli: kama ardhi ile bado ni hifadhi ya reli, madai yake yatakuwa dhaifu, na kama ilisharudi mikononi mwa kijiji, ana haki kamili. Akataka kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Nikamwambia jibu liko kwenye faili, na faili hilo nitalitafuta.

"Basi nipimie kutoka kalavati hadi nyumba," akasema. Nilikuwa na futi kamba kwenye begi. Zilikuwa mita 41 na kidogo. Akaokota mkaa jikoni, akaiandika namba hiyo ukutani, juu ya mlango.