Taa ya mchicha na doa la shavu la kushoto

Januari hapa Minneapolis jua linachomoza saa mbili kasoro asubuhi, na kwenye saa kumi na moja jioni linazama. Mimi ni mtu wa Pangani, nimekulia kwenye jua la kuanika mbata. Mwaka juzi nikachoka na giza, nikachoka pia na mchicha wa kugandishwa, nikanunua taa ya kuoteshea mimea, ya LED, wati 100. Nikaifunga juu ya shelfu la sebuleni, chini nikapanga mabeseni mawili ya mchicha na moja la matembele niliyoyaotesha kutoka kwenye viazi vitamu vya dukani.

Meza ya kazi nikaisogeza ubavuni mwa shelfu. Mimi ni mkalimani wa simu: daktari upande huu, mgonjwa upande ule, mimi katikati, saa nane kwa siku. Nilikaa pale kwa kupenda. Mwanga ulikuwa mweupe wenye wekundu kidogo, na kwenye baridi ile ulinifariji kuliko blanketi.

Machi mdogo wangu akanipigia simu ya video.

“Dada, shavu limefanyaje? Usiniambie umeanza mkorogo.”

“Mkorogo wa wapi? Hata mafuta ya kawaida nasahau kupaka.”

“Basi ni hiyo taa. Ona ilivyokumulika!”

Nikaenda kwenye kioo. Shavu la kushoto lilikuwa na doa la rangi ya kahawa, pana kama jani la mchicha uliokomaa. La kulia lilikuwa na kivuli tu. Na taa ilikuwa kushoto kwangu. Madoa ya namna hii niliwahi kuyapata nikiwa na mimba ya mtoto wa pili, yakafifia yenyewe, nikayasahau.

Cha kwanza nilichofanya kilikuwa cha hasira: nikazima taa. Baada ya siku tano mchicha ulikuwa umerefuka, umepauka, umelala kama tambi. Nikaona bora nichunguze kabla sijakosa mboga na sura vyote kwa pamoja.

Taa ile ina swichi mbili. Moja ni ya mwanga wa kawaida, nyingine ni ya dayodi (vitaa vidogo vya LED) chache za urujuanimno, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho. Nilikuwa nimewasha zote kwa sababu nilizilipia zote. Usiku nikazima taa za nyumba nzima, nikawasha swichi ya pili peke yake, nikashika noti ya dola 20 chini yake. Ule uzi uliofichwa ndani ya noti, ambao hung’aa ukipigwa na urujuanimno, ukang’aa kijani. Kwenye kibandiko cha taa imeandikwa nanomita 395, maana yake ni UVA, ile inayopenya ngozi, kuitia weusi na kuizeesha. Inayobabua, UVB, haikuwamo. Nikazima swichi hiyo na sijaiwasha tena. Mchicha haukuonyesha kuwa umepungukiwa na chochote.

UVB ndiyo pia inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Kwa hiyo wale wenzangu wanaoota taa ya mimea kama dawa ya kukosa jua, tumezeni vidonge tu.

Nikaenda kwa daktari wa ngozi nikiwa na kesi yangu tayari, mshitakiwa anajulikana. Akaangalia shavu, akauliza: “Unaendesha gari?” Naendesha, kila siku, kumpeleka mtoto shule. Huku dereva anakaa kushoto. Kioo cha mbele kina tabaka la plastiki katikati linalozuia karibu UVA yote, lakini vioo vya pembeni vya magari mengi huipitisha. Kumbe nilikuwa na taa kubwa zaidi, mlangoni mwa gari.

Hata hivyo taa yangu hakuiachia huru. Alinieleza kwamba ngozi nyeusi kama yetu hupata madoa hata kwa mwanga unaoonekana, hasa wa bluu, kwa kuwa chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi zina kipokezi kinachouhisi. Na LED nyeupe ina bluu ya kutosha. Kwa mtu mwingine kupita karibu na taa kama ile si kitu. Mimi nilikuwa na historia ya madoa, nikaegemea taa saa nane kwa siku. Losheni nyingi za kukinga jua huzuia urujuanimno tu. Nilihitaji yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, ndugu yake kutu. Ina faida nyingine: ile nyeupe ilikuwa inaniacha kama nimetoka kusaga unga.

Nyumbani nikapima kwa programu ya simu. Si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha inatosha. Juu ya majani ilisoma lukisi (kipimo cha ukali wa mwanga) 22,000. Pale shavu langu linapokaa, 2,600. Nikahamishia meza ukuta wa pili, nikatundika kanga kati yangu na shelfu, ile ya “Sisi sote abiria, dereva ni Mungu”. Ikashuka hadi 140. Kisha taa nikaipangia saa za usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi. Saa kumi na nne hizo zinaufaa mchicha, maana ukipewa usiku mrefu hukimbilia maua na kusahau majani.

Jirani akanipa bure taa yake ya zamani ya metali halaidi, zile balbu kali kama za viwanja vya mpira, kioo cha nje kina ufa. Nilikataa. Kioo kile ndicho kinachozuia urujuanimno wa balbu ya ndani. Kikivunjika huku taa inawaka, inababua ngozi na macho kwelikweli.

Doa limepungua, halijaisha. Julai iliyopita likakolea tena kidogo, na taa nilikuwa nimeizima tangu Mei. Losheni sasa inakaa kando ya funguo za gari, na shavu la kushoto ndilo ninaloanza nalo.