Siku moja maishani mwangu: kuisanifu upya gia iliyolika

Saa 1:30 asubuhi

Nafika karakana, Vingunguti, Dar es Salaam, kabla mashine hazijaanza kunguruma. Mimi ndiye msanifu wa hapa. Kazi yangu ni kuchukua spea iliyokufa, kuijenga upya kwenye kompyuta kama umbo la pande tatu, kisha kutoa mchoro ambao fundi ataushika mkononi na kukatia chuma.

Mezani nimewekewa gia ya mashine ya katani kutoka Korogwe. Meno yamelika upande mmoja, mawili yamevunjika, na tundu la shafti limepanuka. Mchoro hakuna, kitabu cha mashine hakuna. Mteja ameacha agizo moja tu: "Nitengenezeeni kama hii hii."

Kama hii hii ndiyo nisiyotaka kuitengeneza. Nikiinakili ilivyo, nitamrudishia gia mpya iliyokwisha kuchakaa. Ninachotafuta ni ile gia aliyoikusudia mtengenezaji wa kwanza, kabla ya miaka yote hiyo ya kusuguana.

Saa 2:00

Naiosha kwa dizeli, naifuta, nachukua venia, kile kipimio cha taya. Meno 32. Kipenyo cha nje, kwenye meno yaliyosalimika zaidi, mm 143.6. Kwa gia ya kawaida yenye meno yaliyonyooka, ukigawa kipenyo cha nje kwa idadi ya meno jumlisha mbili, unapata moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa jino kwa milimita. 143.6 kwa 34 ni 4.22. Moduli zilizozoeleka ni 4, 4.5, 5. Hii 4.22 haimo. Wengi wakifika hapa huchukua 4 iliyo jirani, wanakata, na gia inakataa kuelewana na mwenzake.

Lakini gawa 25.4, milimita za inchi moja, kwa 4.22: unapata 6 na kitu kidogo sana. Hii ni gia ya inchi, DP 6, yaani meno sita kwa kila inchi ya kipenyo cha duara la meno. Kwa hiyo kipenyo chake cha awali kilikuwa mm 143.93, na kile kinachopungua kimeliwa na kazi.

Inabaki pembe ya msukumo, yaani mwinamo wa ubavu wa jino. Gia za zamani za DP mara nyingi huwa na nyuzi 14.5 au 20, na kwa macho huwezi kuapa. Napima meno matatu kwa pamoja, kisha manne. Kila kipimo peke yake hakiaminiki, maana meno yamelika. Tofauti yake ndiyo inayoaminika: ulaji uleule umo katika vipimo vyote viwili, kwa hiyo ukitoa kimoja kwenye kingine unajifuta wenyewe. Kwa DP 6, tofauti ya karibu mm 12.5 ni nyuzi 20, karibu 12.88 ni nyuzi 14.5. Napata 12.9. Nahamia upande mwingine wa gia, napata ileile. Nyuzi 14.5. Sijui kipimo kingine kinachonifurahisha kama hiki.

Saa 3:30

Sasa kompyuta. Natumia FreeCAD, programu ya bure ambayo ipo tangu 2002, na kwa karakana ya ukubwa wetu inatosha kabisa. Siandiki 143.93 popote. Naandika meno 32, DP 6, nyuzi 14.5, halafu vipenyo vyote vinajikokotoa. Nikibadilisha namba moja, umbo zima linafuata. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa MIT huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu yake ya Sketchpad, ambayo ungeweza kuiagiza mistari miwili iwe sambamba nayo ikabaki sambamba. Kwangu hapo ndipo kompyuta ilipoacha kuwa kalamu tu, ikaanza kushika nia ya mchoraji.

Tundu limekuwa kama yai. Upande mmoja linasoma 38.25. Nashukuru mteja alileta na shafti. Pale ambapo gia haijawahi kugusa inasoma 38.09, yaani inchi moja na nusu, mm 38.1. Kwenye mchoro naandika 38.10, ziada isizidi 0.025, pungufu sifuri. Njia ya kii, ule mfereji wa kipande kinachofunga gia na shafti, naiweka upana wa 9.525, ambayo ni inchi tatu kwa nane.

Saa 4:30

Chai na chapati, simu sikioni. Gia ndogo inayoshirikiana na hii ina meno 18 na bado imo kwenye mashine. Kama hesabu zangu ni sahihi, kutoka kitovu cha shafti moja hadi cha nyingine lazima iwe mm 105.83. Namwomba fundi wa Korogwe apime ukingo wa nje wa shafti hii hadi ukingo wa nje wa ile. Natoa nusu ya kila shafti. Inabaki 105.8.

Saa 6:00 mchana

Kazi ya pili, nyepesi: mdomo wa kumiminia mahindi wa mashine ya kusaga, bati la mm 2. Kuna kona ya nyuzi 90 yenye mikono ya mm 50 kila mmoja, ukipima kwa nje. Ukikata bati la mm 100 limezidi, kwa sababu chuma kikikunjwa hakihesabiki kwa kujumlisha pande. Kwa mkunjo wa ndani wa mm 2, programu inalikunjua na kunipa mm 96.5 hivi. Ukiwa na mikunjo minne, kosa hilo linatosha kufanya matundu ya bolti yasikutane.

Saa 8:00

Baada ya wali maharage nachapa gia kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi na kuilaza juu ya ile ya zamani. Upande ambao meno hayakufanya kazi, mistari inafuata chuma vizuri. Upande uliolika naona mwanga wa karatasi nyeupe.

Nampelekea mzee wetu wa mashine ya kukereza. Hakuna mchoro ninaousaini kabla hajauona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hapa nitaishika wapi?"

Anataka shingo ya gia iongezwe urefu kwa muda, aishike kwa hiyo, ili akereze nje na kutoboa tundu bila kuifungua. Ukiifungua katikati ya kazi, tundu na nje havitakuwa na kitovu kimoja, na gia itayumba. Naongeza mm 15 kwenye umbo, na mchoro unajibadilisha papo hapo. Ziada hiyo itakatwa mwishoni. Kompyuta haikuniuliza swali hilo, na isingeliuliza.

Saa 9:30 alasiri

Chuma ni EN8, chenye kaboni ya karibu asilimia 0.4. Kwa ajili ya fundi wa milingi, mashine itakayokata meno, nimeandika kila kitu kwenye mchoro: kisu cha DP 6 namba 4, ambacho ni cha meno 26 hadi 34, kina cha jino mm 9.13, na kwenye kichwa cha kugawanyia, kifaa kinachoigeuza gia jino kwa jino, chenye uwiano wa 40 kwa 1, mzunguko mmoja na robo kwa kila jino. Hesabu zifanyike mezani kwa utulivu, si mbele ya mashine inayozunguka.

Saa 11:00 jioni

Nahifadhi faili, natoa nakala ya STEP, muundo wa faili unaosomwa na programu nyingi, ili hata mwenye programu nyingine aweze kuifungua, na PDF ya mteja. Namwambia mchoro huu ni wake, aulipie mara moja, na gia ikifa tena asituletee chuma kilicholika.

Halafu namweleza jambo ambalo halikuwa kwenye agizo: ile gia ya meno 18 nayo tuibadilishe. Inazunguka karibu mara 1.8 kwa kila mzunguko mmoja wa hii, kwa hiyo kila jino lake limefanya kazi zaidi, na likikutana na gia mpya litaitafuna. Anasitasita kwa sababu ya bei. Namwomba aulize fundi wake meno hayo yamebaki na unene gani juu. Baada ya muda ananipigia: yamechongoka. Tumekubaliana gia hiyo ndogo itatoka Korogwe kwa basi la asubuhi.