Tayma: kisima na mfalme wa Babeli

Jamani, nimefika Tayma, kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia, na moyo bado unanidunda. Mfalme Nabonidus wa Babeli, baba yake Belshaza tunayemsoma katika kitabu cha Danieli, aliuacha mji wake akaishi huku miaka kama 10, karne ya 6 KK! Wanaakiolojia wa Saudia na Ujerumani walianza kuchimba pamoja mwaka 2004, wakapata hadi kipande cha jiwe la kumbukumbu lake. Nimekaa sana kando ya kisima cha Haddaj, kipana ajabu, na mitende kukizunguka. Bila maji haya nani angejenga jangwani? Natamani mno vijana wetu wanaosomea akiolojia Dar na Nairobi wapate nafasi kwenye timu kama hizi.