Ile siku kidole cha shosho kilikataa kusomeka kwa chifu

Kifungua mimba wangu alikuwa anapekua ile bahasha ya kaki ya vyeti juzi, anatafuta cheti cha kuzaliwa manake shule wanakitaka tena, ndio akatoa kakaratasi kadogo kameandikwa Huduma Namba, ile namba ya serikali ya kusajili kila mtu, akaniuliza, "Mum, hii ni ya nini?" Nikamwambia ni ya shosho, rudisha mahali umeitoa. Akaniuliza tena, "Sasa inafanya nini?" Nilibaki nimeshika mwiko nafikiria, kwa sababu ukweli ni kwamba haifanyi chochote, na kuna kitu kilichotokea siku ilipopatikana ambacho sijawahi kukiandika.

Mei 2019. Wale mlikuwa Nairobi mnakumbuka venye kulikuwa. Tarehe ya mwisho ya kujisajili ilikuwa Mei 18, watu wakamiminika kwa machifu na mashuleni hadi serikali ikaongeza wiki moja. Na hapa ndio damu yangu huchemka, kwa sababu tarehe 1 Aprili Mahakama Kuu ilikuwa imetoa amri: usajili uendelee lakini usiwe wa lazima, wasichukue DNA, wasichukue GPS ya mahali mtu anaishi, mtu asinyimwe huduma kwa kukosa namba, na wasiweke tarehe ya mwisho. Wasiweke tarehe ya mwisho! Na bado kila redio ilikuwa inahesabu siku zilizobaki, na kila mtu mtaani alikuwa anajua jambo moja tu, ukikosa namba utakosa huduma. Nani atasubiri kujua kama ni kweli?

Shosho alikuwa anapata pesa za wazee, Inua Jamii, ile ya waliofika miaka 70, elfu mbili kwa mwezi. Kwa mtu wa Kangemi mwenye dawa za presha hiyo si pesa ya kuchezea. Kwa hivyo hata kabla hatujaanza kubishana uamuzi ulikuwa umeshafanywa, shosho ataenda.

Lakini tulibishana. Usiku wa kuamkia hiyo siku mimi na anko tulibishana hadi shosho akatuambia tuzime taa tulale. Anko ni mtoto wa shosho, polisi mstaafu, mtu wa kuongea polepole lakini harudi nyuma. Hoja yake haikuwa ya mchezo na siwezi kuidharau. Ilikuwa miezi minne tu tangu lile shambulio la magaidi kwa hoteli ya DusitD2, Januari 15, watu 21 wameuawa pale Riverside, na anko alikuwa anajua watu waliokuwa kazini siku hiyo. Akaniambia, "Wewe unaongea haki, mimi nimebeba watu. Mtu ananunua kitambulisho kwa mlango wa nyuma, anakodisha nyumba, anaishi na majirani wanamsalimia asubuhi, na hakuna mahali serikali inaweza kuangalia iseme huyu si yule." Halafu akamaliza na lile swali ambalo kila mtu alikuwa anauliza mwaka huo, una nini cha kuficha?

Nikamwambia sina cha kuficha lakini choo changu kina mlango. Kifungu cha 31 cha Katiba kinasema nina haki ya faragha, hakisemi nina haki nikiwa na siri. Nikamwambia pia kitu ambacho naona hadi leo ndicho cha maana kuliko vyote: unachukua alama za vidole za nchi nzima na hakuna sheria hata moja ya kulinda data. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 8 mwaka huo, miezi karibu sita baada ya sisi kupanga foleni. Yaani walivuna kwanza halafu ndio wakaanza kujenga ghala. Anko akasema sheria itakuja tu. Nikamuuliza, na kabla ije? Na rafiki yangu Mnubi wa Kibera ambaye alizungushwa miaka kwa kamati za kumhoji kama ni Mkenya, huyo atasajiliwa na nini, na kitambulisho cha kwanza alikipata kwa machozi? Si bure kwamba Nubian Rights Forum walikuwa kati ya wale waliokimbia kortini. Hapo anko alinyamaza kidogo, halafu akasema hilo ni tatizo la makarani, si la mashine.

Asubuhi tukaenda wote watatu. Foleni ilikuwa imetoka kwa lango la chifu ikapita kibanda cha mama wa mandazi ikazunguka hadi kwa fundi wa viatu. Wazee walipewa nafasi mbele, hiyo niseme asante. Ndani kulikuwa na meza mbili, makarani vijana, macho mekundu ya uchovu, na ile mashine kama tableti nene.

Karani wetu alikuwa kijana mpole kabisa. Akajaza fomu, jina, mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi, ameolewa, amesoma hadi wapi. Akafika kwa kilimo, akauliza kama shosho ana mifugo. Shosho akamwangalia. "Mbuzi wangu wa nyumbani serikali inawataka wa nini?" Kijana akasema ni swali tu liko kwa fomu. Shosho akasema, basi andika hapana. (Wako watatu.) Akauliza pia kama watamtoa damu, kwa sababu alikuwa amesikia mambo ya DNA kwa redio, na kijana akamhakikishia hapana shosho, ni vidole na picha tu.

Vidole sasa. Shosho alichuma kahawa ya wazungu huko Kiambu tangu akiwa msichana mdogo, halafu akafua nguo za watu Westlands miaka na miaka. Ncha za vidole vyake ni laini na zinang'aa, ukizishika hakuna mistari unayoisikia. Akaweka kidole gumba kwa kioo, mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Kijana akapangusa kioo na leso yake, akamwambia, "Shosho jipake kidogo kwa paji la uso, hapo kuna mafuta." Shosho akasugua kidole kwa paji la uso chini ya kitambaa, taratibu, kama mtu anafikiria, akakirudisha. Ikakataa. Nyuma yetu watu wameanza kuguna, mtu akasema huyo mwekeni kando. Anko naye alikuwa ameinama karibu na sikio la mama yake anamwambia, "Mami, kaza kidogo tu, tumalize tuende."

Ndio kijana, na naamini alikuwa anataka tu kusaidia, akanyoosha mkono akashika kiganja cha shosho, akakigeuza, akaweka kidole chake juu ya kidole cha shosho na akakandamiza kwa kioo.

Shosho alivuta mkono kwa nguvu hata ile tableti ikasogea kwa meza. Sijawahi kumwona akifanya kitu haraka hivyo, alikuwa na miaka 78. Akauweka huo mkono ndani ya sweta yake, akamwambia kijana kwa Kiswahili safi, bila kupaza sauti, "Usinishike hivyo. Hivyo ndivyo walimshika baba."

Kijana hakuelewa. Anko alielewa, nilimwona uso. Mimi nilielewa nusu, ile nusu nyingine shosho alinipa tukirudi nyumbani. Baba yake alikuwa anafanya kazi Nairobi, anaishi Bahati. Aprili 24, 1954, ile operesheni Waingereza waliita Anvil, wanajeshi walizingira mji asubuhi wakatoa watu nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakawekwa kando. Ukionyesha karatasi zako zinaangaliwa, halafu unapitishwa mbele ya mtu amefunikwa gunia, macho tu ndio yanaonekana, akitikisa kichwa wewe umeenda. Baba yake alikuwa na karatasi zote. Zote. Hakuna hata moja ilikosekana, na ndio waliandika jina lake vizuri, wakamshika mkono wakamkandamiza kidole kwa wino, akapandishwa lori la kambi ya Langata na kutoka hapo kambi ya Manyani. Alirudi baada ya miaka, na kitu alichowaambia watoto sana kuhusu siku hiyo ni ule mkono wa askari juu ya mkono wake. Na baba wa huyo baba pia alikuwa amevaa kipande shingoni, kile kitambulisho cha wakoloni cha kwenye mkebe wa bati, chenye alama za vidole na majina ya waajiri, kwa hivyo kwa hiyo familia hii haikuwa habari ngeni.

Turudi kwa meza. Kijana alisema, "Pole sana shosho," na akasukuma mashine mbele yake akaondoa mikono yake kabisa, akaiweka kwa mapaja. Shosho alikaa kidogo. Halafu akatoa mkono kwa sweta na akaweka kidole mwenyewe. Baadhi ya vidole vilisoma, vingine kijana akaandika kwamba havisomeki. Akapigwa picha, akapewa hako kakaratasi, akakunja mara mbili akaweka kwa sidiria na pesa zake. Akaniambia twende. Tukaenda.

Yaliyofuata mnayajua, nitapita haraka. Januari 2020 majaji watatu wakasema DNA na GPS ni kinyume cha Katiba, na mradi usiendelee hadi kuwe na kanuni kamili. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema hata zile kadi zilitolewa kinyume cha sheria, kwa sababu hakuna tathmini iliyofanywa kwanza ya athari kwa data za watu. Shosho kadi hakuwahi kuiona. Serikali ikabadilika, ikaja namba nyingine, Maisha Namba, nayo ikapelekwa kortini. Katikati ya hayo, 2023, vijana wakapanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin, kampuni ya sarafu za kidijitali, kwa sarafu za kama shilingi elfu saba, na serikali hiyo hiyo ikakasirika ikasimamisha. Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili akaagiza kampuni ifute hizo data ndani ya siku 7. Nilishangilia, kwa kweli nilishangilia jikoni. Halafu nikajiuliza, na za shosho? Watu zaidi ya milioni 36 walisajiliwa 2019. Kampuni ya kigeni imepewa siku saba. Serikali imepewa siku ngapi? Nani ameuliza?

Sisemi mtu amezitumia vibaya. Nasema mwenye kidole hajaambiwa chochote. Na baada ya maandamano ya Juni 2024, baada ya kuona vijana wakichukuliwa usiku na watu wasio na sare kwa magari ambayo hayajulikani, mimi siwezi tena kuambiwa sheria itakuja nikae nitulie.

Kwa hivyo baada ya mtoto kuniuliza lile swali nilikaa nikaandikia serikali barua. Kifungu cha 26 cha ile Sheria ya Ulinzi wa Data kinampa mtu haki ya kujua data zake zinatumiwa vipi na haki ya kuziona. Niliandika kwa jina la shosho, yuko hai na akili zake zote, nikamsomea akasema sawa. Maswali mawili: alama za vidole zilizochukuliwa Mei 2019 ziko wapi sasa, na zinatumika kwa nini.

Jumapili anko alikuja, nikampa asome. Bado tunatofautiana, tusidanganyane. Bado anasema nchi isiyojua watu wake itazikwa na watu wa nje, na bado namwambia nchi iliyojua watu wake vizuri kuliko zote ilikuwa ile ya 1954. Alisoma barua mara mbili, akavua miwani, akasema umesahau la muhimu. Nikamuuliza lipi. Akasema, "Mimi nimekaa dawati la ripoti. Kila kitu kinachoingia stesheni kinaandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio, saa, tarehe, jina la afisa. Hata mshukiwa akitolewa seli kwenda kuoga inaandikwa, na ukifuta hiyo karatasi unajibu. Sasa faili ya mami ikifunguliwa kwa kompyuta, inaandikwa wapi? Nani aliifungua, siku gani, kwa ruhusa ya nani? Uliza hivyo. Hiyo si mambo ya haki zako, hiyo ni kazi ya kawaida ya polisi."

Nilimwambia hiyo ndiyo kitu nimekuwa nikisema tangu 2019. Akasema hapana, wewe ulikuwa unasema wasichukue, mimi nasema wakichukua waandike. Shosho alikuwa amekaa hapo kwa kiti chake anamenya njegere, akasema tuandike yote mawili.

Nimeongeza swali la tatu kwa maneno ya anko, karibu yalivyo. Barua inaenda Jumatatu, nitaipeleka kwa mkono wapige muhuri kwa nakala yangu.