Hopsi ya uchungu na hopsi ya harufu

Jumamosi iliyopita nililipasua kwa ukucha ua la hopsi, mmea unaoipa uchungu na harufu bia ninayopika; unga wa njano ukaning'ang'ania vidoleni, na harufu yake, baina ya majani makavu na ganda la limau, haikutoka hata nilipokwisha kunawa kwa sabuni. Unga huo umebeba vitu viwili visivyopatana: asidi za alfa, ambazo hazitoi uchungu wa kutosha mpaka zichemke kwa muda mrefu, na mafuta ya harufu, ambayo hutoroka na mvuke sufuria inapotokota. Apikaye biriani hapa Malindi hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani kitunguu hukaangwa mwanzo na zafarani hunyunyizwa mwisho.

Kwa uchungu sitazami jina, natazama asilimia iliyoandikwa kwenye pakiti. Gramu 14 za Magnum, aina ya hopsi ya Ujerumani yenye asidi ya alfa asilimia 12 hufanya, katika lita 20, kazi ambayo Saaz, aina ya Ucheki yenye asilimia 3.5 ingeifanya kwa gramu 48, na manukato yote ya Saaz yangeishia hewani katika dakika 60 za moto. Kwangu huo ni ubadhirifu, maana mmea wenyewe hutaka siku ndefu za kiangazi, ambazo pwani hii iliyo karibu na ikweta haina, hivyo kila gramu huagizwa ng'ambo.

Harufu ndiyo iliyonitaabisha. Niliyoyasoma yaliniagiza kutia hopsi moto ukizimwa tu, nami nikatia gramu 30 za Cascade, aina iliyotolewa Marekani mwaka 1972. Lakini maji yetu ya bomba ninayopoozea ni vuguvugu, na maji yangu ya kimea, yaani bia kabla haijachacha, yalikaa juu ya nyuzi 80 karibu saa nzima. Asidi ziliendelea kugeuka kuwa uchungu bila moto, bia ikawa chungu kupita hesabu na harufu ikafifia. Sasa naiweka sufuria ndani ya karai la maji na barafu, ile ile wanayohifadhia samaki, nangoja kipimajoto kifike 75, ndipo natia Cascade, nakoroga na kufunika kwa dakika 20.

Pakiti zilizobaki nazifunga bila hewa na kuziweka friza. Moja iliyotoboka ilinuka jibini kuukuu, nikaitupa.